Mchoro Ndio Daftari la Fundi

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Methali hii twaijua sote, na aghalabu twawasomea wenye maduka na wakopeshaji. Lakini iko mali nyingine ambayo daftari lake huandikwa kwa picha. Mali hiyo ni umbo: ile sura ya kitu aliyoibuni fundi, inayomvuta mnunuzi hata kabla hajauliza bei.

Nchini Marekani sura hiyo hulindwa kwa hati iitwayo hataza ya umbo. Hataza nyingine hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Hii hulinda namna kinavyoonekana, basi. Sheria yake ya kwanza ilipitishwa mwaka 1842, na aliyetangulia kupata hati alikuwa George Bruce, kwa sura za herufi za kupigia chapa. Mwaka 1879 Mfaransa Auguste Bartholdi naye alipata yake, kwa ile Sanamu ya Uhuru ambayo baadaye ilisimamishwa katika bandari ya New York. Siku hizi hati hiyo hudumu miaka 15 tangu kutolewa.

Nani basi wa kuamua kwamba sura imeibwa? Jibu lilitolewa na Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo mwaka 1871, katika shauri la vijiko na nyuma. Kampuni ya Gorham ilikuwa na hataza ya mapambo ya mipini yake, na mtu aitwaye White akatoa mipini iliyofanana nayo. Mabingwa wa fedha waliweza kuonyesha tofauti moja baada ya nyingine. Mahakama ikasema jicho linalotakikana hapa ni la mnunuzi wa kawaida, atazamaye kwa makini yale yale ya mtu aendaye dukani. Kama yeye atadanganyika, akanunua hiki akidhani ni kile, basi haki ya mwenye umbo imevunjwa.

Sasa tuingie kwenye mchoro. Hataza ya chombo cha kazi huweza kujaa maelezo kurasa kwa kurasa. Hataza ya umbo ina dai moja tu, nalo kwa ufupi husema: nadai umbo la kitu hiki kama lilivyoonyeshwa. Mchoro ukiwa na kasoro, hakuna maneno ya kuukomboa. Ni mfano wa hati ya kiwanja isiyotaja mipaka: jirani hajui aishie wapi, na mwenyewe hajui aanze kudai wapi.

Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani yataka picha za kutosha kuonyesha sura nzima. Kwa desturi huchorwa mbele na nyuma, ubavu wa kulia na wa kushoto, juu na chini, kisha picha moja ya pembeni ionyeshayo pande kadhaa kwa pamoja. Pande mbili zikiwa sawasawa, yatosha kuchora mmoja na kulieleza hilo kwa maandishi. Kivuli hutiwa ili ijulikane palipo bapa, palipobonyea na palipovimba.

Hata mstari una lugha yake. Mstari mzima huonyesha sehemu inayodaiwa. Mstari wa vipande vipande huonyesha sehemu isiyodaiwa, iliyochorwa ili mtazamaji ajue tu kitu hicho ni nini na kinakaa wapi. Waliopita chuoni na ubao mkononi hawatashangaa. Ba, ta na tha zina mwili mmoja. Nukta ndiyo izitengayo, na nukta ikiwekwa si mahali pake, neno hugeuka. Hapa pia mstari mmoja uliokatwa pasipostahili hupunguza dai la mtu au hulipanua kupita alichobuni. Na maombi yakishapokewa, mwombaji haruhusiwi kuongeza jambo jipya ambalo halikuwamo katika michoro ya mwanzo.

Lakini uwazi una kiasi gani? Hilo ndilo lililobishaniwa katika shauri la Maatita. Mwombaji huyo alileta maombi mwaka 2011 kwa ajili ya umbo la soli ya kiatu cha michezo, akaichora kwa kuitazama moja kwa moja kutoka chini. Mkaguzi wa ofisi ya hataza alikataa. Alisema picha hiyo haionyeshi kina cha mifereji wala mwinuko wa mapambo, na akatoa mifano minne ya soli tofauti zinazoweza kutokana na mchoro ule ule mmoja. Bodi ya rufani ya ofisi hiyo ikamwunga mkono mkaguzi.

Tarehe 20 Agosti 2018 mahakama ya rufani ya serikali kuu ikaitengua hukumu hiyo. Majaji walisema linalotakikana ni kwamba mjuzi wa kazi hiyo, akiutazama mchoro kwa jicho la mnunuzi wa kawaida, aelewe kwa yakini ya kadiri mpaka wa kinachodaiwa. Soli ya kiatu yaweza kutazamwa na kulinganishwa kama zulia, kwa uso wake ulio bapa. Kiatu kizima au buli la chai ni habari nyingine. Hayo huwezi kuyaeleza kwa picha moja. Mwombaji aliyechagua kutoonyesha kina amechagua kutodai kina. Dai lake limepanuka, ndiyo, lakini halikufichika.

Msomaji asije akadhani, kwa hivyo, kwamba kuonyesha mengi ni salama sikuzote. Uingereza wana kisa cha sanduku la safari liitwalo Trunki, ambalo mtoto hulipanda na kuvutwa kama yuko juu ya mnyama. Mbunifu wake ni Robert Law, na umbo hilo liliandikishwa Ulaya mwaka 2003. Picha zilizopelekwa zilitengenezwa kwa kompyuta, zikiwa na rangi ya kijivu, huku magurudumu na mkanda vikiwa vyeusi zaidi kuliko mwili. Kampuni ya PMS ilipotoa sanduku lake, Kiddee Case, shauri lilifika Mahakama Kuu Kabisa. Mwaka 2016 Law alishindwa. Lord Neuberger alikiri kwamba wazo la sanduku lile lilikuwa jipya na la busara, lakini sheria ya maumbo hailindi wazo. Picha zile zilidai umbo pamoja na ile tofauti ya weusi na kijivu, na sanduku la pili halikuacha hisia ile ile machoni. Lau angeleta mistari mitupu, huenda dai lake lingekuwa pana zaidi.

Mambo haya yanatuhusu na sisi wa pwani. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya, ya mwaka 2001, huandikisha maumbo kwa miaka 5, na huruhusu kuongezwa mara mbili miaka 5 mingine, jumla 15. Hapa nako maombi huenda na michoro au picha. Mwenye kubuni leso mpya, kwa pindo na mji wake, ana kazi nyepesi: leso ni bapa, na uso wake ndio habari yote. Afikirie tu kama adai na rangi, au michoro ya pindo peke yake. Lakini fundi wa kasha la njumu, wa mbuzi ya kukunia nazi au wa buli, amtake mchoraji wake azunguke kila upande, kisha amwulize kila mstari umekusudia nini, kabla karatasi haijatoka mkononi. Baada ya hapo hakimu hatakuja karakanani kukitazama kasha. Atafungua jalada na kutazama kilichochorwa.