Mpogoaji wa miti

Mpogoaji wa miti ni fundi anayetunza miti mikubwa iliyo karibu na watu: majumbani, shuleni, makaburini, kando ya barabara na chini ya nyaya za umeme. Huondoa matawi makavu, hupunguza matawi yaliyoelemea paa, na huangusha mti kipande kwa kipande pale pasipo na nafasi ya kuuangusha mzima. Kazi yake ni tofauti na ya mkata mbao, kwa sababu mara nyingi lengo lake ni mti ubaki hai.

Katika nchi mbalimbali kazi hii huchaguliwa na askari waliomaliza utumishi. Ina umuhimu katika miji yenye miti mikongwe, kama Tabora, magharibi mwa Tanzania.

Askari na miti katika Tabora

Manispaa ya Tabora, ambayo Cheyo ni mojawapo ya kata zake, ni mji wa misafara na pia mji wa askari. Katika karne ya 19 ulikuwa njia panda: misafara kutoka Bagamoyo iliendelea magharibi hadi Ujiji, au ilipinda kwenda kaskazini. Mwembe, ambao asili yake ni Asia Kusini, ulienea bara pamoja na misafara hiyo, na mahali pengi safu za miembe mikubwa bado huonyesha njia ilipopita. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mojawapo ya vituo vyake ni Kwihara, karibu na mji, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872.

Kwa upande wa jeshi, Wabelgiji waliutwaa mji kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916. Baada ya uhuru, kambi ya Kalewa ilikuwa makao ya kikosi cha pili cha Tanganyika Rifles. Jina hilo lilitoka Burma, walikopigana askari wa Afrika Mashariki mwaka 1944.

Askari wa zamani waliwahi kuletwa katika eneo hili kwa ajili ya kazi ya miti. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, ulikuwa na mashamba Kongwa, Nachingwea na Urambo, magharibi mwa Tabora. Waingereza wengi walioajiriwa walikuwa wametoka vitani, na baadhi ya matrekta ya kung'oa miti yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Nguvu na nidhamu vilikuwepo, lakini udongo, mvua na mizizi ya pori havikuchunguzwa vya kutosha. Mpango uliachwa mwaka 1951, na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikafutwa katika hesabu za serikali.

Kinachomsaidia askari

Askari wa vyeo vya chini hustaafu wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Wengi wamezoea kukagua vifaa kabla ya kuvitumia, kutunza injini, kutii ishara fupi na kutoa huduma ya kwanza. Upogoaji unahitaji mambo hayo yote. Aliye juu ya mti hutegemea macho ya mwenzake aliye chini, anayeongoza kamba, kuzuia wapita njia na kuwa tayari kumshusha akiumia.

Hata hivyo, jeshini mimea hufyekwa ili kufungua njia au kuona mbali. Mpogoaji hulazimika kujua ni tawi lipi la kuachwa.

Ujuzi wa mti

Msingi wa upogoaji wa kisasa uliwekwa kwa sehemu kubwa na Mmarekani Alex Shigo (1930–2006). Baada ya kutumikia Jeshi la Anga la Marekani wakati wa Vita vya Korea, alirudi kusoma biolojia, kisha akafanya utafiti katika Idara ya Misitu ya nchi yake. Alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone jinsi uozo unavyosambaa ndani yake.

Shigo alionyesha kuwa jeraha la mti haliponi kama jeraha la mtu. Mti hauwezi kurudishia sehemu iliyoharibika. Huizungushia kuta za ndani na kuota mbao mpya juu yake. Kwa hiyo mahali pa kukata ni muhimu kuliko dawa ya kupaka. Kwenye shina la tawi huwa kuna uvimbe kama pete, na tawi hukatwa nje kidogo ya uvimbe huo. Likikatwa ndani yake, mlango wa uozo hufunguka; kikibaki kisiki kirefu, huoza polepole kuelekea shinani.

Tawi zito hukatwa mara tatu:
1. Mkato wa kwanza hufanywa kutoka chini, mbali kidogo na shina, bila kulimaliza tawi.
2. Wa pili hufanywa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi huanguka bila kuchana gome la shina.
3. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, nje ya uvimbe.

Hatari

Tawi linalogusa waya wa umeme halikatwi mpaka TANESCO wameukata umeme. Msumeno unaweza kuruka nyuma ghafla ncha yake inapogusa mti. Katika Tabora, nchi ya asali, nyuki hupenda mashimo ya miti mikongwe, kwa hiyo shina hukaguliwa kabla ya kupandwa. Utomvu wa mwembe, ulio wa jamii moja na mkorosho, unaweza kuwasha ngozi.

Mafunzo

Nchini Uingereza askari anayeondoka jeshini anaweza kupata msaada wa kujifunza kazi ya kiraia. Anayechagua miti huanza na utunzaji wa msumeno na kuangusha miti midogo, kisha kupanda kwa kamba na kumwokoa aliyekwama juu. Kutumia msumeno akiwa kambani huja mwisho.

Nchini Tanzania elimu ya misitu hutolewa Olmotonyi, Arusha, na Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi, hufundisha kuhusu misumeno na mbao. Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Kwa mstaafu, kujifunza kabla ya kununua vifaa ni kinga ya kiinua mgongo chake: msumeno hununuliwa kwa siku moja, lakini ajali au paa la jirani huweza kumaliza akiba yote.

Miembe mikongwe

Kosa la kawaida ni kukata kichwa chote cha mwembe ili kupunguza urefu wake. Mti huchipua haraka, lakini machipukizi hayo hushikilia juu juu tu, na yakinenepa huvunjika kwa upepo. Mwembe huzaa kwenye ncha za vijiti, hivyo pia mavuno hupotea. Njia bora ni kuondoa matawi makavu kabla ya mvua zinazoanza kwa kawaida mwezi Novemba, na kupunguza yaliyo hai kidogo kidogo baada ya mavuno, kwa miaka kadhaa.