Kompyuta ya kujiundia inapozimika yenyewe: Tazama saa kabla ya kununua kipuri

KIJANA wa Rudewa, wilayani Kilosa, anayetaka kujiundia kompyuta yake ya kwanza hulazimika kuvifuata vipuri mbali, ama Morogoro mjini au Kariakoo, Dar es Salaam. Huvileta kwa basi kupitia Dumila, au kwa treni hadi Kilosa, kisha huvifunga kwa bisibisi jioni moja na kubonyeza swichi kwa matumaini makubwa.

Wengi hapo ndipo hukutana na kisa kinachokatisha tamaa. Feni huzunguka, taa huwaka, kisha mashine hunyamaza. Ikibonyezwa tena, huwaka na kuzimika vilevile.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba ameuziwa kipuri kibovu. Hufunga safari kwenda kununua kingine, kwani stakabadhi nyingi za maduka hayo zimepigwa mhuri usemao mali ikishauzwa hairudishwi. Akirudi nyumbani na kipuri kipya, mashine huzimika kama mwanzo, na akiba ya miezi kadhaa imekwisha.

Ukweli ni kwamba kompyuta mpya inayozimika mara nyingi haina kipuri kilichokufa. Inajizima kwa makusudi, kwa sababu imeundwa kujilinda dhidi ya shoti, joto na umeme usiotosha. Kila kinga kati ya hizo huchukua muda wake kufanya kazi, hivyo muda ambao mashine hukaa ikiwaka ndio unaoonyesha ugonjwa ulipo.

Ufundi huu hauna wazee wengi wa kuulizwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na biashara ya vifaa hivyo ikaja kushamiri miaka mingi baadaye. Fundi redio anaweza kupatikana kijijini. Fundi wa kompyuta huwa mjini.

Ikizimika ndani ya sekunde moja au mbili

Pawa saplai, yaani kasha dogo linalopokea umeme wa ukutani wa volti 230, huugeuza kuwa umeme wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na vipuri vingine. Ikihisi kwamba mahali fulani umeme unapita njia isiyo yake, hukata papo hapo. Feni hutikisika au kuzunguka kidogo, basi.

Mshukiwa wa kwanza ni kasha lenyewe la kompyuta. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, haupaswi kugusa bati la kasha. Huinuliwa na vijiti vifupi vya shaba vyenye uzi wa skrubu, ambavyo kwa kawaida huwekwa katika kifuko kidogo pamoja na skrubu nyingine. Anayejenga kwa mara ya kwanza huweza kudhani ni vya akiba, akafunga ubao moja kwa moja kwenye bati, na hapo nukta za risasi zilizo nyuma ya ubao hupiga shoti.

Kosa la upande wa pili ni kuweka kijiti mahali ambapo ubao hauna tundu. Nacho kitagusa nukta hizo. Skrubu moja iliyoanguka nyuma ya ubao bila kuonekana hufanya madhara yaleyale.

Kipimo chake hakihitaji kifaa cha fedha nyingi. Plagi huchomolewa ukutani, mikono hugusishwa kwenye bati tupu la kasha ili kuondoa umeme tuli, kisha ubao hutolewa na kulazwa juu ya boksi la karatasi uliokuja nalo. Hubakizwa prosesa, kipoza chake, kadi moja ya kumbukumbu na nyaya mbili za pawa saplai: ule mpana wa pini 24 na ule mdogo wa pini nne au nane ulio karibu na prosesa. Plagi ikisharudishwa, vipini viwili vya swichi hugusishwa kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja.

Mashine ikiendelea kuwaka juu ya boksi, prosesa, ubao na pawa saplai havina hatia. Kosa limo ndani ya kasha. Ikizimika bado, hubadilishwa kadi ya kumbukumbu au tundu lake. Kadi hizo huhitaji kusukumwa kwa nguvu kiasi, hadi vishikizo vilie, na wageni wengi wa kazi hii huogopa kuzivunja, wakaziacha zikiwa zimeingia nusu.

Ule waya mdogo wa prosesa nao husahauliwa mno. Bila huo, feni zinaweza kuzunguka vizuri kabisa huku kioo kikibaki cheusi, au mashine ikawaka na kuzimika bila kikomo.

Iwapo inazimika baada ya sekunde nne au tano, kila mara kwa muda uleule, itazamwe swichi ya mbele. Kompyuta hujizima mtu akishikilia swichi kwa takribani sekunde nne. Swichi ya bei nafuu iliyokwama ndani hutoa amri hiyohiyo bila mtu kuigusa. Ukichomoa waya wake mara tu mashine inapowaka, na mashine ikaendelea kuwaka, umemkamata mwizi.

Jambo moja lisichanganywe na ugonjwa. Mashine mpya zinazotumia kumbukumbu za aina ya DDR5 huweza kujizima na kujiwasha mara kadhaa siku ya kwanza, kioo kikiwa cheusi kwa dakika kadhaa, wakati ubao unapoizoea kumbukumbu yake. Kuzima umeme katikati ya shughuli hiyo huilazimisha kuanza upya.

Ikizimika baada ya nusu dakika au zaidi

Hapa hushukiwa joto. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo, na joto likizidi kupanda huzima mashine nzima. Joto la bonde la Kilosa husingiziwa sana, lakini hewa ya nyuzi 33 haiwezi peke yake kuizima kompyuta iliyofungwa sawasawa. Tatizo huwa ni kipoza kisichogusa prosesa.

Vipoza vingi vipya huja na karatasi ya nailoni chini yake, na mtu asipoibandua joto halipiti. Vipoza vingine hushikwa kwa misumari minne ya plastiki ya kusukumwa, na mmoja usipoingia hadi upande wa pili, kipoza huinama upande mmoja. Ipo pia pesti ya kupitisha joto, ambayo kiasi cha punje ya mbaazi hutosha.

Ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows huonyesha joto la prosesa. Likipanda kutoka nyuzi 40 hadi 90 ndani ya dakika moja, hali mashine haifanyi kazi yoyote, kipoza kifunguliwe na kufungwa upya.

Ikizimika wakati wa kazi nzito

Kompyuta inayoandika barua siku nzima bila tatizo, lakini ikazimika unapoanza mchezo au kuhariri video, inalia njaa ya umeme. Pawa saplai yenye maandishi ya wati 500 huenda isizitoe. Mafundi wa Kariakoo huipima kwanza kwa mkono, kwa kuwa iliyo nyepesi mno ina shaba kidogo ndani. Kwa mita ya umeme, laini ya volti 12 haipaswi kushuka chini ya 11.4 kazi inapozidi.

Wanaonunua ubao uliokwisha kutumika wazichunguze kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu yake. Mbao nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja. Kikopo kilichotuna utosini, au chenye ute wa kahawia, kinatosha kuukataa ubao huo.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe. Ndani yake hubaki umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ikizimika jioni tu

Huu ndio ugonjwa unaowasumbua zaidi walio mwisho wa laini ya kijiji. Mkoa wa Morogoro una bwawa la Kidatu la megawati 204, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, na tangu Februari mwaka 2024 gridi ya Taifa imekuwa ikipokea umeme wa Bwawa la Julius Nyerere lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Lakini volti zinazofika kwenye soketi ya nyumba hutegemea transfoma ya mtaa, urefu wa waya na idadi ya majirani waliowasha pasi na majiko saa hiyohiyo.

Pawa saplai yenye maandishi ya volti 100 hadi 240 huvumilia upungufu huo. Ya kizamani, yenye kiswichi chekundu nyuma, haivumilii sana. Kiswichi hicho lazima kisomeke 230. Kikiachwa kwenye 115, pawa saplai hulipuka kwa kishindo mara inapochomekwa.

Kabla ya kununua stabilaiza, mashine ijaribiwe alfajiri, au ipelekwe kwa ndugu anayeishi karibu na transfoma. Ikikaa macho huko na kulala nyumbani, vipuri viachwe na malalamiko yapelekwe Tanesco.

Majaribio haya yote yakishindwa, safari ya mjini haikwepeki. Ni vyema kubeba ubao, prosesa, kumbukumbu na pawa saplai kwa pamoja, pamoja na karatasi iliyoandikwa mashine iliwaka kwa sekunde ngapi katika kila jaribio. Duka lenye vipuri vya kujaribia linaweza kukibaini kilicho kibovu kwa kubadilisha kimoja baada ya kingine, mbele ya mteja, kabla hajatoa fedha.