Anayekuona Kwanza Ndiye Akuulize

Mwaka wa kwanza, semista ya pili, niliacha kuingia darasani wiki tatu. Bumu lilichelewa, nyumbani Bangalala, wilayani Same, mahindi yalikauka, na tayari nilikuwa na sapu mbili. Nilikuwa silali. Washkaji walidhani nadoji tu. Aliyeshtuka ni mama mmoja wa kantini: "Mwanangu, siku hizi huli, hucheki. Kuna nini?" Nikalia palepale mbele ya sufuria la maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua aproni, akanisindikiza kwa mshauri wa wanafunzi.

Sisi wa milima ya Upare tuna ndiva, mabwawa yanayokusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe mashambani kwa zamu, kama ile ya Manoo kwetu. Ukiona mfereji umebomoka, unaziba unavyoweza, halafu unakimbia kumwita anayehusika. Husubiri kikao. Chuoni iwe hivyohivyo: mshauri hawezi kuona kila mtu, ila kuna watumishi wanaotuona kila siku.

Mhadhiri ana karatasi ya mahudhurio. Aliyekuwa hakosi kipindi akipotea ghafla, amwite pembeni, si mbele ya darasa: "Sijakuona wiki mbili, uko salama?" Amweleze pia mapema utaratibu wa kuahirisha masomo. Wengi tunausikia tukishadisko.

Afisa mikopo aseme ukweli: jina limekwama wapi, na urudi lini. "Njoo kesho" ya mara tano inammaliza mtu asiye na hela ya kula.

Mlinzi na matroni wa hosteli wanajua nani hatoki chumbani. Wagonge mlango.

Swali gumu zaidi ni la kujiua. Shirika la Afya Duniani linasema kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa ahueni. Akikubali kwamba analo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Usimtishie polisi. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo inawafunga wengi midomo. Na alichokwambia kisigeuke stori za ofisini. Wakijue wa kumsaidia tu.

Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Zimbabwe, mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo", kisha tunapita.

Ombi langu kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi: mkikaa na menejimenti, ombeni mafunzo kwa watumishi wote, wapishi na walinzi wakiwemo. Zile sapu nilizifuta. Yule mama mpaka leo akiniona ananiuliza kama nimekula.