Karani Aliyejifunza Kuandika Upesi

Wako watu wadhanio ya kuwa kazi katika gazeti kubwa hupatikana kwa jina la baba au kwa wingi wa vyeti. Habari za Charles Dickens zaonyesha vingine.

Dickens alizaliwa Portsmouth, Uingereza, mwaka 1812. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gerezani London kwa ajili ya madeni, na mtoto huyo wa miaka 12 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu kwa ujira wa shilingi 6 kwa juma. Baadaye alirudi shuleni kwa muda, na mwaka 1827 akawa karani mdogo katika ofisi ya mawakili.

Siku zile magazeti ya London yalitaka watu wawezao kuandika hotuba za Bunge kama zilivyosemwa. Hapakuwa na chombo cha kunasa sauti. Palikuwa na mkono wa mtu na kalamu yake. Basi Dickens akajifunza maandishi ya mkato ya Gurney, ambayo huacha irabu nyingi, na alama ndogo ikiwekwa mahali pengine hugeuza maana. Kwanza aliandika maneno ya mahakamani, kisha ya Bunge. Mwaka 1834 gazeti la Morning Chronicle, lililoshindana na The Times, likamwajiri kwa gini 5 kwa juma, yaani shilingi 105.

Kazi yenyewe haikuwa ya starehe. Mwaka 1865 aliwasimulia watu wa magazeti jinsi alivyokuwa akinakili hotuba za wakubwa usiku wa manane, karatasi i juu ya kiganja, kwa mwanga wa taa ndogo, ndani ya gari la farasi wanne lililokimbia maili 15 kwa saa. Hata hivyo ilimpasa asikosee, maana kosa moja lingaliweza kumharibia jina.

Mwaka 1836 aliliacha gazeti hilo, kwa kuwa vitabu vyake vilikwisha kupendwa na watu wengi.

Katika London walikuwapo makarani wengi wenye elimu kama yake. Yeye aliongeza ufundi mmoja uliokuwa ukihitajiwa, akaujua barabara kabla ya kubisha hodi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.