Picha za Harusi ni Amana: Zipangwe Mafungu, Sitara Ihifadhike

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Waliposema hayo, fikira zao zilikuwa juu ya nazi, karafuu na vitambaa vya dukani. Leo maneno hayo hayo yanaliangukia jambo jingine ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni mali, nalo ni picha.

Zamani mtu alikwenda studio kwa nadra, aghalabu siku ya Idi, akiwa na kanzu yake safi au kanga mpya, akapigwa picha moja au mbili. Studio kama Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, zimewahifadhia watu wengi sura za wazee wao kwa njia hiyo. Picha ilitiwa fremu ikatundikwa ukumbini, na nyingine zikafungiwa sandukuni. Aliyetaka kuziona alibisha hodi kwanza.

Siku hizi mambo yamegeuka. Harusi moja ya siku tatu hapa Mombasa hunirudisha nyumbani na picha elfu mbili na ushei, zote zimo ndani ya kadi isiyozidi stempu ya posta kwa ukubwa. Je, msomaji, picha hizo zote ni za kuonwa na kila mtu?

La, hasha! Nikahi husomwa msikitini mbele ya wanaume, nayo haina siri. Lakini usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Bibi harusi huketi jukwaani na hina yake, asumini yake na dhahabu yake, na wageni huwa wamevua mabuibui. Ndiyo sababu mpiga picha wa usiku huo huwa mwanamke, na katika harusi nyingi wageni huambiwa mlangoni wasitoe simu. Mama mmoja wa Mji wa Kale alinishika mkono nilipokuwa nikifunga mkoba wa kamera, akaniambia, "Mwanangu, hizo ulizochukua ni amana. Nikiziona kwa asiyehusika, mimi na wewe tutakutana mbele ya Mungu." Tangu siku hiyo naona kazi ya kupanga picha ni nzito kuliko ya kuzipiga.

Mimi hutumia programu iitwayo Lightroom Classic. Lightroom ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2007, na sifa yake kubwa ni kupanga picha katika mikusanyo. Mkusanyo si sanduku. Mfano wake ni orodha ya waalikwa. Bi Fulani aweza kuandikwa katika orodha ya kupamba na pia katika ile ya walima, lakini yeye ni mtu mmoja, na nyumba yake ni moja. Kadhalika picha moja yaweza kuwamo katika mikusanyo mitano bila ya kurudufiwa hata mara moja, na ukiirekebisha mwangaza mahali pamoja, marekebisho yataonekana kote.

Kabla ya kupanga, huchuja. Nikiitazama picha, nabonyeza herufi P kuitia bendera ya kukubaliwa, au X kuikataa. Nikibadili shauri, U huiondoa bendera. Ukiwasha kitufe cha Caps Lock, programu yenyewe hukupeleka kwenye picha ifuatayo kila unapoamua. Waliofumba macho, waliogeuza nyuso na picha zilizotikisika huondoka kwa mpigo huo. Kisha tarakimu 1 hadi 5 hutoa nyota. Kwa njia hii kazi iliyokuwa ikinila siku mbili huisha baina ya Adhuhuri na Magharibi.

Sasa twaja kwenye mafungu. Hubonyeza Ctrl na N pamoja kuunda mkusanyo mpya, nikaupa jina: bibi harusi peke yake, upande wa mume, upande wa mke, albamu. Halafu naufanya mmoja wao kuwa mkusanyo lengwa kwa kubofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri hiyo. Alama ndogo ya kujumlisha hutokea kando ya jina. Tangu hapo, kila nikibonyeza B, picha iliyo mbele yangu huingia katika fungu hilo; nikibonyeza B tena, hutoka. Nikimaliza upande wa mume, nauhamisha ulengwa kwenda upande wa mke. Picha yenye watu wa pande zote mbili huingia kote.

Faida yake ni kubwa. Familia ikiomba picha zake, nafungua fungu lake peke yake, nachagua zote kwa Ctrl na A, kisha natoa nakala kwa Ctrl, Shift na E. Haipatikani picha ya binti wa watu ikaponyoka katikati. Katika ukurasa wa kutolea nakala pana pia sehemu ya kuondoa habari za mahali picha ilipopigwa, nami huichagua daima.

Hata hivyo, asidanganyike mtu. Mkusanyo ni mpangilio, si kufuli. Kumfuta mgeni orodhani hakumtoi nyumbani kwake, na kuiondoa picha katika mkusanyo hakuifuti katika kompyuta. Yeyote atakayeketi mbele ya mashine hiyo na kufungua orodha ya picha zote ataziona. Kwa hiyo picha za kupamba mimi huziwekea katalogi yao mbali, katika diski ya nje iliyofungwa kwa neno la siri, na kadi yake haichanganywi na ya nikahi. Tena programu hii ina njia ya kuunganisha mkusanyo na hifadhi ya mtandaoni. Njia hiyo yafaa kwa picha za nikahi. Kwa za kupamba, naiacha imezimwa.

Jambo la mwisho ni nakala za akiba. Mikusanyo yote huandikwa ndani ya katalogi, si ndani ya picha. Mwenye kuhifadhi picha akaisahau katalogi, siku mashine ikiharibika atabaki na rundo lisilo na orodha, arudie kazi yote upya. Nami hufanya nakala za vyote viwili kila nikimaliza harusi.

Vijana wetu wengi, wa kike kwa wa kiume, wameingia katika kazi hii, na kamera zao ni nzuri. Nawasihi wajifunze herufi hizi chache kama walivyojifunza kushika kamera. Nanyi akina mama, mkimwajiri mpiga picha msimuulize bei tu. Muulizeni picha za kupamba ataziweka wapi, nani atazigusa, na baada ya kukabidhi albamu atazifanya nini. Asiyekuwa na jibu, mwacheni apige za nikahi.