Je, Wajua? Miaka 11 ya Dred Scott Kuudai Uhuru Mahakamani

Je, wajua kwamba katika jimbo la Missouri, Marekani, mtumwa aliruhusiwa kumshtaki bwana wake? Sheria ya mwaka 1824 ilimpa nafasi hiyo mtu yeyote aliyeona anashikiliwa utumwani kinyume cha haki, na asiye na fedha alipangiwa wakili. Wala haikuwa sheria ya pambo. Kumbukumbu za mahakama ya St. Louis zina mashauri ya namna hiyo yapatayo 300, na si wachache walioshinda. Majaji wa Missouri walikuwa wamezoea kuamua kwamba mtumwa aliyehamishiwa na bwana wake penye marufuku ya utumwa amekwisha kuwa huru, na akirudi Missouri anarudi na uhuru wake.

Basi tarehe 6 Aprili 1846, Dred Scott, ambaye hakujua kuandika, alipotia alama ya X kwenye hati ya madai, hakuwa akibahatisha. Alizaliwa Virginia karibu mwaka 1799, mtumwa wa familia ya Blow, kisha akauzwa kwa John Emerson, daktari wa jeshi. Emerson alikaa naye Illinois, jimbo lisilo na utumwa, halafu akaenda naye kwenye ngome ya Fort Snelling, katika Minnesota ya leo, ambako utumwa ulipigwa marufuku na sheria ya Bunge ya mwaka 1820. Daktari alifariki mwaka 1843. Scott akataka kujinunua kutoka kwa mjane, Irene Emerson. Mjane akakataa.

Je, wajua kwamba wadai walikuwa wawili? Harriet, mkewe, alifungua shauri lake siku ileile. Ndoa yao ilifungwa Fort Snelling na Lawrence Taliaferro, afisa wa serikali ambaye pia ndiye aliyekuwa bwana wa Harriet. Hilo peke yake ni ajabu, maana ndoa ya watumwa haikuwa kitu mbele ya sheria. Na mtoto alifuata hali ya mama. Dred angeshinda peke yake, binti zao Eliza na Lizzie wangeweza kubaki utumwani. Harriet angeshinda, wangekuwa na hoja nzito ya kuokoka. Hata hivyo, mwaka 1850 mawakili walikubaliana kwamba liendelee shauri la Dred tu, na la Harriet lifuate matokeo yake. Nadhani hapo ndipo vitabu vilipoanza kumsahau mama huyu.

Je, wajua kwamba mara ya kwanza walishindwa kwa sababu haikuthibitika kwamba ni watumwa wa mjane yule? Ilikuwa mwaka 1847. Samuel Russell, mfanyabiashara, alieleza kwamba aliwakodi akina Scott kutoka kwa Bi. Emerson. Alipohojiwa na wakili wa upande wa pili akakiri kuwa mapatano yote aliyafanya mkewe. Yeye alitoa fedha tu. Ushahidi wa kuambiwa haukubaliki, kwa hiyo mahakama ikaona hakuna uthibitisho kwamba mjane anawashikilia watu hao. Na kwa kuwa hakuna uthibitisho, akaendelea kuwashikilia!

Shauri lilirudiwa. Moto mkubwa na kipindupindu viliikumba St. Louis mwaka 1849, kesi ikachelewa hadi Januari 1850, na safari hii akina Scott wakashinda. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Missouri ikaufuta ushindi huo. Sheria ilikuwa ileile. Siasa za utumwa ndizo zilizokuwa zimechacha.

Je, wajua kwamba jina la mdaiwa katika kesi hii maarufu limekosewa? Mwaka 1853 Scott aliingia mahakama ya shirikisho, akimdai John Sanford, kaka wa mjane, fidia ya dola 9,000. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, taarifa yake rasmi ikaliandika jina hilo “Sandford”, na hadi leo wanasheria wanalinukuu na kosa lake.

Hukumu ya mahakama hiyo ilitoka tarehe 6 Machi 1857, majaji saba dhidi ya wawili. Siku mbili kabla, Rais James Buchanan alikuwa ameapishwa na kuwasihi wananchi waipokee hukumu vyovyote itakavyokuwa. Maneno mazuri, ila yeye alikwisha kudokezwa na majaji itakavyokuwa. Jaji Mkuu Roger Taney, ambaye miaka mingi nyuma aliwaacha huru watumwa wake mwenyewe, aliamua kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, si raia wa Marekani na hawezi kushtaki katika mahakama za shirikisho. Akaongeza kwamba Bunge halikuwa na uwezo wa kutunga ile sheria ya 1820, ambayo Bunge lenyewe lilikwisha kuifuta mwaka 1854. Jaji Benjamin Curtis alimjibu kwa kuorodhesha majimbo matano, North Carolina ikiwemo, ambako watu weusi huru walikuwa wakipiga kura kabla hata Katiba haijaandikwa. Kisha akajiuzulu. Uraia ule ambao Taney aliwanyima watu weusi ulikuja kuandikwa katika Katiba mwaka 1868, naye alikuwa amekwisha kufa.

Je, wajua ni nani basi aliyewaweka huru? Irene Emerson alikuwa ameolewa tena, na mume wa pili, Calvin Chaffee, alikuwa mbunge wa Massachusetts na mpinzani wa utumwa. Magazeti yalipogundua kwamba mkewe anamiliki watumwa, fedheha ilimshika. Familia ya Scott ikahamishiwa jina la Taylor Blow, mtoto wa yule bwana wa kwanza, naye akaiacha huru tarehe 26 Mei 1857. Dred alifanya kazi ya upagazi hotelini St. Louis, Harriet akifua nguo za watu. Kifua kikuu kilimuua Dred Septemba 1858. Harriet aliishi hadi 1876.

Lakini kulikuwa na hesabu moja. Kwa miaka ya kesi, sherifu aliwakodisha akina Scott na kuwatunzia ujira wao, apewe atakayeshinda. Kabla ya kuwaachilia, mke wa mbunge mpinga utumwa alitaka ujira huo wote apewe yeye.