Antena ya Ndani au ya Nje? Mawimbi ya Redio na Ndege ya Kujiundia

Mtahiniwa, mada ya mawimbi ya sumakuumeme huwa ngumu inapobaki fomula tupu. Tuipeleke Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi. Ndani ya nyumba ya mabati, redio ndogo hukwaruza. Ukiitoa uani, sauti inanyooka. Sasa tuseme fundi wa boti wa hapo, aliyezoea mbao na faiba, ameamua kujiundia ndege ndogo ya watu wawili. Je, antena ya redio ya mawasiliano aifiche ndani ya ndege au aiweke nje? Akikosea, huenda asigundue akiwa uwanjani, ambako anayemsikiliza yuko karibu. Atagundua akiwa juu ya ziwa, anaita na hajibiwi.

Jambo la kwanza ni kujua ndege imeundwa kwa kitu gani. Wimbi la redio linapogonga metali, elektroni huru zilizomo hutikisika na kulirudisha wimbi lilikotoka. Ndiyo sababu bati huizuia redio yako. Mbao kavu, kitambaa na faiba havina elektroni huru za kutosha, hivyo wimbi hupita. Kwa hiyo ndege ya alumini haina mjadala: antena ikae nje. Ndege ya mbao au ya faiba inaweza kuificha ndani. Angalia mtego mmoja: nyuzi za kaboni hufanana na faiba kwa kazi, tena hushikwa kwa gundi ya aina ileile, lakini kaboni hupitisha umeme. Mwili wa ndege wa kaboni huzuia mawimbi karibu kama bati. Hata rangi yenye vumbi la metali inaweza kuharibu kazi.

Jambo la pili ni urefu. Redio za mawasiliano ya ndege hutumia masafa ya kati ya megahezi 118 na 137. Tuchukue 120:

v = fλ
λ = 300,000,000 ÷ 120,000,000 = mita 2.5
Robo ya wimbi = 2.5 ÷ 4 = mita 0.625

Antena ya kawaida ya nje ni fimbo moja ya robo wimbi, takriban sentimita 60. Lakini fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bamba la metali chini yake, na kwenye ndege ya alumini bamba hilo ni ngozi ya ndege yenyewe. Fundi wetu akitoboa mwili wa faiba na kusimamisha fimbo bila kuweka bamba la metali kwa ndani, atakuwa ameweka antena nje na bado itafanya kazi vibaya. Kuwa nje peke yake hakutoshi.

Njia nyingine ni antena ya mikono miwili, kila mkono robo wimbi, ambayo haihitaji bamba. Ndege ya Long-EZ ya Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979 na kuundwa na watu wengi majumbani, ni ya povu na faiba. Waundaji wake hubandika utepe wa shaba ndani ya pezi la wima lililo kwenye ncha ya bawa, kisha hufunika kwa faiba. Wima hapa si bahati: antena za ardhini za mawasiliano ya ndege husimama wima, na antena iliyolazwa hupokea kidogo sana kutoka kwa iliyosimama.

Antena ya ndani haivunjiki kwa kugongwa na haizuii upepo. Hata hivyo, waya, fimbo za usukani, injini na hata mwili wa rubani vikiwa karibu nayo huyumbisha mawimbi yake, na plagi za injini huingiza kelele. Ikishafunikwa na faiba, kuihamisha ni kukata bawa. Kwa maoni yangu, fundi wa faiba aitumie ya ndani ikiwa tu ana pezi la wima lisilo na metali. Akikosa, aende nje na bamba lake.

Swali la mazoezi: Kifaa cha ndege kinachoijibu rada hutuma kwa megahezi 1090. Tafuta robo ya urefu wa wimbi lake.

Jibu: Badili kwanza megahezi kuwa hezi, maana hapo ndipo alama hupotea bure: 1,090,000,000. λ = 300,000,000 ÷ 1,090,000,000 = mita 0.275. Robo yake ni mita 0.069, yaani karibu sentimita 7. Ndiyo maana antena hiyo, unayoweza kuiona chini ya tumbo la ndege ndogo, ni kijiti kifupi kama kidole.